Ile L iliyoninyima usingizi, na namba iliyokaa kimya

Nina miaka 47, nina duka la vifaa vya ujenzi huku Tabata, na mpaka mwaka jana mwezi wa tatu nilikuwa sijawahi kupima damu bila kuumwa. Si ndo tulivyo wanaume, damu inatolewa ukiwa tayari unatetemeka, wanaangalia malaria, wanaangalia taifodi, unapewa mfuko wa dawa unarudi nyumbani. Kwenda kupima huku unajiona mzima nilikuwa naona ni mambo ya watu wenye bima kubwa na muda wa kupoteza.

Kilichonipeleka wala sio akili, ni fundi cherehani. Nilimpelekea suruali tatu azipanue kiunoni, akanizungushia futi kamba yake akasoma sentimita 104, afu akaniangalia kwa juu ya miwani: "Kaka, mwaka juzi ulikuwa 96. Hapa kitambaa cha kuongezea hamna tena."

Wiki hiyo hiyo nikaona bango la ofa kwenye hospitali moja binafsi, vipimo vya mwili mzima kwa bei moja. Jumatatu nikaenda na njaa yangu kama walivyoelekeza, toka jana yake saa mbili usiku ni maji tu, saa moja na nusu asubuhi nikatolewa damu chupa tatu, yenye kifuniko cha zambarau moja na vyekundu viwili (hizo rangi zikumbuke, tutazirudia). Mchana nikapewa bahasha na dakika tatu za daktari, nje foleni imefika mpaka getini, masikini naye alikuwa amechoka. Akasema chembe nyeupe ziko chini kidogo, tutafuatilia, punguza mafuta, fanya mazoezi, mwingine aingie.

Nikakaa kwenye gari nikafungua karatasi. Zilikuwa nne, na mi nilizisoma vile tulivyokuwa tunasoma matokeo ya form four yakibandikwa ukutani, huangalii uliposhinda, unatafuta F iko wapi. Kwenye karatasi za maabara F ni hizi herufi mbili, H ukiwa umezidi na L ukiwa umepungua. Nilikuwa na L kwenye chembe nyeupe, 3.4 wakati pembeni wameandika 4.0 mpaka 10.0, L nyingine kwenye nyutrofili ambazo ni aina mojawapo ya hizo chembe nyeupe, 1.4, na H moja kwenye kitu kinaitwa ALT, 58, cha ini. Vingine vyote visafi, nikavipitisha macho nikasema asante Mungu.

Sasa mwambie Mtanzania wa umri wangu, aliyezika ndugu miaka ya tisini, kwamba chembe nyeupe ziko chini, uone atawaza nini. Hamna kingine kinachokuja kichwani, ni ngoma, yani UKIMWI. Nikaikunja ile karatasi mara nne nikaificha chini ya kapeti la gari upande wa dereva, nikaendesha kwenda nyumbani nikala chakula cha usiku kama mtu anayehudhuria msiba wake mwenyewe. Kesho yake nikaenda kituo kimoja Kimara ambako hamna mtu anayenijua, nikapima, mstari mmoja, hamna kitu. Nikashukuru kama nusu saa hivi, afu nikaanza kuwaza saratani ya damu. Saa nane za usiku niko chooni na simu nasoma mambo ambayo hata sielewi, mwanga nimepunguza mama watoto asishtuke.

Ile karatasi mama watoto aliipata mwenyewe Jumapili, alikuwa anatafuta sarafu iliyomdondokea. Hakugomba. Alipiga picha akamtumia mdogo wake ambaye ni mtu wa maabara Mwanza, miaka kumi na kitu yuko kwenye hiyo kazi, simu ikapigwa ikawekwa spika.

"Shikamoo shem. Umeshaandika wosia au bado?"

Ndo alivyo huyo. Lakini alinifundisha kwa saa nzima kitu ambacho naona kila mwanaume aliyevuka arobaini angefaa kuelezwa kabla ya kukabidhiwa bahasha, kwahiyo nakiandika hapa kama nilivyokielewa, mi muuza saruji sio daktari.

Kwanza alisema hiyo 4.0 mpaka 10.0 haikushuka na Musa kutoka mlimani. Wanachukuliwa watu wazima wenye afya, wanapimwa, zinachukuliwa namba za asilimia 95 ya walio katikati, waliobaki pembeni huku na huku wanapigwa H au L japo nao ni wazima kabisa. Kwahiyo ukimpima mtu asiye na ugonjwa wowote vitu 20 visivyohusiana, uwezekano wa kukuta angalau herufi moja ni kama asilimia 64. Yani ofa ya vipimo vingi ni kama imekuahidi hofu mapema, asiyepata herufi ndo mwenye bahati.

Pili, akauliza, hao watu wazima wenye afya ni kina nani? Mara nyingi sio sisi. Mipaka mingi inayochapishwa kwenye karatasi zetu imetokana na watu wa Ulaya na Marekani au imekuja na mashine yenyewe. Kuna watafiti waliopima watu wenye afya Mbeya, wengine Kericho kule Kenya, majibu yalitoka 2008, na nyutrofili za watu wetu zilikuwa chini kuliko za kwenye vitabu vya Wazungu. Hiyo ina sababu yake na ndo ilinifurahisha kuliko vyote. Kuna protini inakaa juu ya chembe nyekundu inaitwa Duffy, hilo ni jina la mgonjwa wa hemofilia wa Uingereza aliyeongezewa damu mara nyingi, 1950 ndo wakaigundua kupitia yeye. Waafrika wengi hatuna hiyo Duffy kwenye chembe nyekundu. Na kuna malaria moja inaitwa vivax ambayo huwa inaingilia mlango huo huo, 1976 ikaonyeshwa kwamba asiye na Duffy kwake haipiti kirahisi. Babu zetu wakaiponyoka hivo. Sasa kinasaba hicho hicho kinachotunyima Duffy ndo kinafanya nyutrofili zinazosomwa kwenye damu ya mkononi ziwe chache, na watu wa namna hii hawaugui zaidi ya wengine. Kinga ya babu yangu dhidi ya malaria, miaka yote hiyo, imekuja kunipigia L Tabata.

Lakini shem hakuniacha nishangilie. Akasema hiyo ni mpaka tujue kwamba ndo kawaida yako wewe. Kama chembe zilikuwa 7 mwaka juzi na leo ni 3.4 hiyo ni habari nyingine. Kama himoglobini nayo imeshuka na chembe sahani, zile za kugandisha damu, zimeshuka, habari nyingine. Kama una homa zisizoisha na vidonda mdomoni, ni habari nyingine kabisa. "Una karatasi za zamani?"

Wanaume hatutunzi karatasi ila mama watoto anatunza. Akatoa lile daftari la kwenda nalo hospitali, counter book ya quire mbili limefunikwa gazeti, ndani kuna mavyeti, kadi za kliniki za watoto, risiti ya friji, na humo humo vipimo vyangu viwili, cha 2016 nilipolazwa na cha 2020 nilipokuwa nataka leseni ya daraja kubwa. Tukaanza kumsomea. Chembe nyeupe 2016, 3.6. 2020, 3.3. Sasa, 3.4. Akacheka, akasema shem hizo ndo zako, umezaliwa nazo, nenda kalale.

Nilikuwa nishaanza kuinuka. Akasema subiri, nisomee na sukari ya asubuhi kwenye hizo karatasi zote tatu.

2016 ilikuwa 4.9. 2020, 5.4. Sasa, 6.0. Na pembeni wameandika 3.9 mpaka 6.1, kwahiyo hamna herufi, safi, hata sikuwa nimeiangalia. Kukawa kimya kidogo upande wa pili. Afu akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Damu ya sukari waliweka kwenye chupa ya rangi gani?"

Nikamwambia zambarau na nyekundu. "Kijivu haikuwepo?" Haikuwepo. Kumbe damu ikishatoka mwilini haijafa, zile chembe bado zina njaa, zinaendelea kula sukari iliyomo humo kwenye chupa, inashuka kama asilimia 5 mpaka 7 kila saa kwenye joto la kawaida. Chupa ya kijivu ina dawa ya kuzizuia. Ile nyekundu isipozungushwa kwenye mashine mapema kutenganisha chembe na maji ya damu, sukari inaliwa tu. Karatasi yangu ilikuwa na saa, nilitolewa saa moja na nusu na mashine imesoma saa nne. Kwahiyo hiyo 6.0 iliyopita bila herufi inawezekana ndo mabaki.

Na hata mpaka wenyewe hawakubaliani. Shirika la Afya Duniani wanakuambia sukari ya asubuhi hujala imeanza kuharibika ikifika 6.1, Wamarekani wanaanza kukuonya kwenye 5.6, wote wanakubali kwamba 7.0 na kuendelea, ikirudiwa ikawa vile vile, ni kisukari. Kwahiyo kwa karatasi ya Houston anakokaa binamu yangu mi ningepigwa H, kwa ya Dar nimepita. (Houston ningechanganyikiwa kabisa, kule wanaandika kwa miligramu, 6.0 yako inasomeka 108. Kuna mtu wa kijiweni kwetu aliletewa majibu ya namna hiyo akaambiwa sukari 99 akaanza kulia, ni kugawa tu kwa 18, inatoka 5.5.)

Nikarudia vipimo wiki mbili baadaye sehemu nyingine, chupa ya kijivu, na HbA1c. Hiki kipimo nakipenda kwa sababu hakidanganyiki na mtu aliyejinyima chapati siku mbili. Kinaangalia sukari iliyogandia kwenye himoglobini, na chembe nyekundu inaishi kama siku 120, kwahiyo unasomewa wastani wa miezi miwili mitatu, sherehe zako zote zimo. Chini ya asilimia 5.7 uko sawa, 6.5 na kuendelea ni kisukari, hapo katikati ndo mlangoni. Ila shem akasisitiza nipime kwanza selimundu, kwa sababu wengi wetu tunabeba kinasaba chake bila kuumwa na bila kujua, na ukiwa nacho HbA1c inaweza kusoma chini kuliko ukweli. Sina. Sukari ikatoka 6.6, HbA1c 6.2.

Mlangoni.

Hapo ndo ile H ya ini nayo ikapata maana. Mwanzoni nilijitetea vizuri tu, kwamba Jumamosi nilicheza mpira na maveterani na Jumatatu nikatolewa damu, na ni kweli misuli ikichoshwa sana hizi ALT na mwenzake AST zinapanda bila ini kuhusika. Nikakaa wiki mbili bila mpira, ikashuka mpaka 49 ikagoma hapo. Hepataitisi B hamna, C hamna. Ultrasound ikasema ini lina mafuta. Sinywi pombe, nilibishana na yule daktari kidogo, akaniambia baba ini halihitaji bia kujaa mafuta, soda na kitambi vinatosha.

Na kolesteroli iliyokuwa "safi". Kwenye ofa walipima ya jumla peke yake, 5.0, hamna herufi. Mara ya pili tukaifungua. Ile nzuri, HDL, ambayo kwa mwanaume inatakiwa angalau 1.0, ilikuwa 0.9. Trigliseraidi, mafuta yanayopanda na sukari na wanga na pombe, 2.6 wakati mwisho ni 1.7. Na LDL, ile mbaya inayoziba mishipa, 2.9. Shem akanionyesha kwamba maabara nyingi hiyo LDL haipimwi, inapigiwa hesabu, njia ya Friedewald ya 1972: chukua 5.0, toa 0.9, afu toa 2.6 uliyogawa kwa 2.2, inabaki 2.9. Chukua kalamu ufanye kwenye karatasi yako. Ndo maana walikuwa wanatusisitiza njaa, kwa sababu ukila trigliseraidi zinaruka na hesabu inaharibika, na zikizidi 4.5 hiyo hesabu haifai kabisa. Kwahiyo ukipewa kolesteroli namba moja tu ni sawa na kuambiwa duka limeingiza milioni kumi bila kuambiwa limetumia ngapi.

Kitambi 104, sukari inapanda ngazi pole pole, trigliseraidi juu, HDL chini, ini lina mafuta. Ni hadithi moja hiyo, na kwenye karatasi ya kwanza sehemu kubwa yake haikuwa na herufi hata moja. Hata kiuno nimeambiwa mpaka wa mwanaume ni sentimita 94, nikauliza umetoka wapi, ni wa Wazungu, kwa Waafrika wanautumia huo huo mpaka zipatikane takwimu zetu. Nikacheka. Ila huu sikubishana nao, fundi ameshanihukumu.

Tangu hapo kijiweni nimekuwa msoma karatasi, kila mtu analeta bahasha. Jamaa mmoja ananyanyua vyuma na anakunywa poda ya kujenga misuli, kreatinini ikatoka 118 na H, keshaanza kusema figo zimekufa. Kreatinini ni takataka ya misuli, mwenye misuli mingi ana nyingi, ndo maana inabadilishwa kuwa kiwango cha kuchuja kwa umri na jinsia. Mpaka 2021 hesabu iliyokuwa inatumika Marekani ilikuwa inakuongezea kama asilimia 16 ukiwa mweusi, figo ya mtu mweusi inaonekana nzima kuliko ilivyo, wakaja kuifuta. Yake ikarudiwa bila poda ikashuka. Kilichonitisha mimi ni kwamba alikuwa anameza diklofenaki, dawa ya maumivu inayoweza kuumiza figo, kila baada ya mazoezi kama karanga, na hakuna aliyemuuliza.

Tezi dume ndo kelele zaidi, kila mtu ana utani wa kidole. Kuna mzee PSA yake, kipimo cha damu cha tezi hiyo, ilitoka 9 wakati wengi bado wanatumia mpaka wa 4, watoto wakaanza kuchanga. Alikuwa na UTI. Akatibiwa, akasubiri wiki sita, ikarudi 3. PSA haisemi saratani, inasema tezi imeguswa, na inaguswa na maambukizi, na uzee wenyewe, na hata ukiwa umekutana na mkeo siku moja mbili kabla, jambo ambalo hamna mtu wa mapokezi atakuuliza. Lakini usije ukaichukulia kirahisi kwa sababu hiyo. Uingereza wanaume wanaopata saratani ya tezi dume maishani ni 1 kati ya 8, kwa weusi ni 1 kati ya 4. Kwa ngozi yetu mazungumzo na daktari yaanze arobaini na kitu, sio sitini mkojo ukishagoma.

Na kuna bahasha ambazo hazifunguliwi kijiweni, zinafunguliwa pembeni ya gari kwa sauti ya chini. Nguvu za kiume. Mtu amekunywa vumbi la Kongo mwaka mzima, ametumia hela ambayo ingepima kila kitu mara tatu, na sukari hajawahi kuiangalia. Mishipa ya huko ni myembamba kuliko ya moyo, mishipa ikianza kuharibika huko ndo kunakotangulia kulalamika. Wengine wanataka kupima homoni ya kiume, sawa, ila inapimwa asubuhi, ikiwa chini inarudiwa siku nyingine, na kitambi chenyewe kinaishusha. Mi mwenyewe nilikuwa nimeshaanza kuulizia hilo vumbi. Nalisema hapa kwa sababu mama watoto hasomi blogu.

Sijapewa dawa. Nilipewa miezi mitano. Sukari ya kwenye chai ilikuwa vijiko vitatu mara nne kwa siku, nimeacha, wiki mbili za kwanza ni kama kunywa maji ya kuoshea majani. Soda ya dukani nimeacha. Ugali sijaacha, nimepunguza nusu nikaongeza mchicha, na msidanganyane kwamba dona ni dawa, ukila mlima wa dona sukari inapanda mlima. Jioni nafunga duka natembea mpaka Relini na kurudi, watu walidhani gari limeuzwa.

Mwezi wa nane nikarudi kuchukua majibu. Kiuno 97. HbA1c 5.8, trigliseraidi 1.7, ALT 36. Dirishani alikuwa kijana mdogo tu, nadhani yuko kwenye mafunzo, akapitia karatasi yangu kwa kidole mstari kwa mstari, akafika kwenye chembe nyeupe akasimama. 3.5, na ile L pembeni. Akaangalia kulia kushoto, akainama kwenye kioo, akashusha sauti.

"Shikamoo mzee. Samahani, umekuja na mtu?"

"Marahaba mwanangu," nikamwambia, nikaweka daftari la mama watoto juu ya kaunta. "Vuta kiti."